Mashine Iliyounguza Mashuka ya Upasuaji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya misheni wilayani Muleba, Katibu wa Hospitali alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akauliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nikamjibu ni mimi, Koku, binti wa Kibeta, nimesomea umeme Bukoba mjini. Akanipa kipindi cha majaribio na ufunguo wa chumba cha kufulia. Nilikasirika, lakini ufunguo niliuchukua.

Mashine za siku hizi zinakuandikia kwenye kioo zinaumwa wapi. Yetu ilikaa kimya. Masika ya kwetu hayaachi kitu kikauke kambani, hivyo mashuka ya upasuaji yalitegemea mashine ile ya kukaushia, nayo ikaanza kuyatoa yameungua kama chapati iliyosahauliwa. Katibu akaniita mbele ya Matroni, mkuu wa wauguzi, mama ambaye hata madaktari walimwogopa.

"Kesho kuna mzazi wa kupasuliwa, na mashuka makavu hatuna," alisema Katibu. "Mashine isipopona leo, namwita fundi wa Mwanza, na wewe unarudi Kibeta."

Nilifungua mgongo wa mashine, nikachomoa kihisi joto, kidude kidogo kama punje ya kahawa kinachoiambia mashine ipunguze moto. Nilikipima kwa mita: joto likipanda, ukinzani wa umeme ndani yake hushuka. Nikakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto. Mara ya kwanza kilisuasua. Nilipokirudisha tena, kiliitika papo hapo. Nikashangaa, kwani sikuwa nimetengeneza chochote. Ndipo nikaona maji yamekuwa ya kahawia, na nikayanusa.

Akamwani! Ile kahawa yetu ya kutafuna, tunayoichemsha na majani, tukaikausha, tukawapa wageni. Utomvu wake uliganda juu ya kihisi, kikachelewa kuhisi joto, mashine ikazidi kuwaka. Nikawageukia wafuaji, na Katibu na Matroni waliosimama mlangoni, nikauliza nani amekausha kahawa humu.

"Ni mimi," akasema Matroni. "Jumamosi wanakuja kumposa binti yangu, na jua hakuna. Wageni ningewapokea mikono mitupu?"

Mimi nilicheka hadi machozi, kisha nikasafisha kila tundu. Jioni mashuka yalitoka makavu, meupe. Asubuhi yule mzazi alipasuliwa, na kilio cha mtoto nilikisikia kutoka chumba cha kufulia. Sijawahi kujivuna kama siku ile, na sioni aibu kusema.

"Fundi," Katibu aliniita hivyo kwa mara ya kwanza, "wa Mwanza hatumhitaji."

Nilikaa hapo mpaka nikastaafu. Siku ya kuniaga, Matroni, mzee sasa, alikuja kutoka kwake Kashozi na kifurushi cha akamwani. Nikamuuliza mbele ya wote amekausha wapi.

"Juani, fundi," akasema. "Nani angeitengeneza mashine, na wewe unaondoka?"