Uso wa Dalali na Ng'ombe wa Mama

Siku yangu ya kwanza katika mnada wa ng'ombe wa Kaisho sikugusa hata ndama. Dalali Mkuu, bosi wetu sote, alinikalisha juu ya kreti la soda akachanganya karata. Tulicheza mchezo wa arobaini mpaka mchana. Kila nilipopata turufu, ile karata inayozila nyingine, aliijua kabla sijaitupa.

"Mzee, unanichungulia?" nikamuuliza.

"Nikuchungulie kwa lipi, na wewe unanionyesha mwenyewe? Ukifurahi unameza mate, ukiogopa unashika sikio. Mwenye ng'ombe akikuona hivyo, umekwisha."

Niwaeleze ninyi mnaonunua kwa picha za simu. Dalali wa kununua humtafutia tajiri wake mnyama mzuri kwa bei nafuu. Ukimpenda ng'ombe, unamtazama wa pembeni yake. Unamshika kiwele huku ukiuliza habari za maharage. Mimi nilichelewa kuelewa, maana kwetu ukimwona ng'ombe mzuri unamsifu papo hapo, hata kama ni wa jirani usiyeelewana naye.

Baadaye nilihamia Rubwera, chini ya Msimamizi wa Mnada, mama mmoja wa Muleba ambaye hata akikanyagwa na fahali hakunji uso. Nilimpenda sana bosi yule. "Usihangaike kuuficha uso," aliniambia. "Upe kazi." Ndipo nikaanza kutafuna punje kavu za kahawa kila mnada, na mdomo unaotafuna hausemi mengi. Kazi ikaninyookea.

Mtihani wenyewe ulikuja nikiwa karibu kustaafu. Mama yangu, anayeishi Nyakasimbi, aliugua akalazwa, na kaka yangu akamuuza Bihogo, ng'ombe wa mama, mwekundu wa pembe ndefu, ili apate fedha za matibabu. Mama alipopona alikuta zizi tupu. Hakumlaumu mtu, ila aliacha kunywa maziwa, na mimi iliniuma kuliko kama angepiga kelele. Kisha nikasikia mfugaji aliyemnunua anampeleka mnadani Kaisho. Akiba yangu ingetosha bei ikibaki chini. Ikipanda, wachinjaji wangemchukua.

Mama akakataa kubaki nyumbani. Njiani nikamfundisha: usimwangalie, usitabasamu, usilie.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Basi tafuna kahawa yako."

Sijaona uso mkavu kama ule. Alimpita Bihogo kama anapita mgomba wa mtu. Mfugaji akataja bei, nami nikaguna. Wachinjaji walikuwa wamesogea, wanasikiliza. Bei ikaanza kushuka vizuri. Hapo mama akaona anisaidie.

"Huyu amekonda," akasema. "Kwato zenyewe mbovu."

Tulikuwa tumesahau kwamba ng'ombe ana masikio. Bihogo aligeuka, akamvuta kijana wa kamba, akaja kuweka kidevu begani kwa mama. Mama akajikaza kidogo, kisha akamshika pembe kwa mikono miwili.

"Ija, Bihogo," akamwambia kwa Kinyambo. Njoo. Akalia pale pale mbele za watu.

Nikajua tumepoteza. Mfugaji alimtazama mama, akanitazama mimi, na mimi nilikuwa nimeshika sikio.

"Mama, shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Anaitwa Bihogo? Mimi hakuna aliyeniambia jina." Akawatazama wachinjaji, akashusha sauti. "Tangu aje kwangu ananibania maziwa. Nimemkamua kwa upole, kwa ukali, hatoi. Na mimi leo nilikuwa naficha hilo."

Akampa mama kamba kwa bei ile niliyokuwa nimefikia. Wachinjaji wakaguna wakaondoka. Nilitaka kumkumbatia yule bwana, nikaishia kumpa kahawa zote zilizobaki mfukoni.

Sasa nimestaafu, naishi na mama. Vijana wakija kuniuliza namna ya kuficha uso nawafundisha yote, kwa sababu mnadani yanasaidia kweli. Lakini nawaambia pia kwamba ununuzi uliowahi kunifurahisha kuliko wote ulitokea siku ambayo hakuna aliyefaulu kuficha kitu.

Kila alfajiri namwamkia mama pale zizini. Hajibu. Nasimama kando na ndoo yangu mpaka amalize kusalimiana na Bihogo, ndipo aniitikie marahaba.