Diski Iliyoogopa Wageni

Fundi wa Tunduma, aliyekuja kuitazama nyumbani, alikuwa ameshatoa hukumu: diski imekufa, inunuliwe nyingine. Mwalimu Yesaya Mwashiuya alikataa kuizika. Ndani yake mlikuwa na maneno elfu sita ya Kinyiha, pamoja na sauti za vikongwe wa Mbozi aliowafuata nyumba kwa nyumba kwa miaka tisa baada ya kustaafu, akiwauliza jina la kila jani na kila ugonjwa wa ng'ombe. Wengi wao walikwisha kuzikwa. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Ndipo akampigia simu Fortunata, mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta pale Mlowo.

Fortunata alikuwa na miaka thelathini na minne, mtoto wa wakulima wa kahawa. Wateja wageni walizoea kuchungulia kibandani na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Zamani alikasirika. Siku hizi huwajibu, "Umeshamwona," bila kuweka bisibisi chini.

Alifika Hasamba, kijijini kwa Mwalimu, Jumamosi adhuhuri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu umwone mgonjwa."

Kompyuta ilikuwa sebuleni, imevikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye lastiki, kazi ya mikono ya Imelda, mke wa Mwalimu. Fortunata akaiwasha. Punde skrini ikaandika kwamba diski haionekani.

"Unaona?" Mwalimu alisema. "Wiki nzima naitumia haina neno. Akija mgeni tu, inagoma. Kaja mchungaji, ikagoma. Wamekuja wakwe, ikagoma."

"Ina haya kuliko bibi harusi," Imelda akadakia.

"Mama Ipyana, mimi nafiwa, wewe unacheka!"

Fortunata hakucheka. Kama diski ilikuwa inakufa kweli, kila kuiwasha kulikuwa kunaimalizia pumzi. Akazima, akavua kitambaa ili atazame ndani. Ubavu mmoja wa kasha haukuwa na mfuniko. Mwalimu aliutoa miaka miwili nyuma ili mashine ipate hewa. Fortunata akawasha tena.

Diski ikaonekana.

Hakuuliza kwa nini. Kwanza alichomeka diski yake ya pembeni na kunakili kila kitu, na kwa muda wote huo hakuna aliyethubutu kupita karibu na meza. Sauti ya mwisho ilipoingia salama, ndipo akafungua programu ya kupima. Sehemu mbovu kwenye diski: sifuri. Mawasiliano yaliyokatika kati ya diski na mashine: elfu moja na mia mbili.

Akazisoma namba hizo mara mbili. Diski inayokufa hubaki na makovu mwilini mwake. Hii haikuwa na hata moja. Kilichokuwa kinakatika ni njia.

"Mama, kitambaa hiki mnakivisha kila siku?"

"Siku za wageni tu. Nisiaibike."

"Naomba uivishe sasa, kama unavyofanya siku zote."

Imelda akakivuta kwa nguvu za mwenye nyumba. Lastiki ikazama pale pasipo na mfuniko, ikaukandamiza waya mwembamba wa diski. Skrini ikaganda. Fortunata akakivua, akawasha upya: diski imerudi, na hesabu ya kukatika imepanda kwa arobaini.

"Kumbe muuaji ni mimi!" Imelda akashika kiuno.

"Hapana, mama. Kasha ndilo lililokuwa uchi."

Akabadilisha waya, akaurudisha mfuniko, kisha akamwomba Imelda aivishe tena. Hesabu haikusogea. Mwalimu akafungua sauti moja, na bibi kizee aliyezikwa miaka minne iliyopita akaijaza sebule, akitaja majina ya mvua.

Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua simu, akampigia fundi wa Tunduma na kuweka spika.

"Diski yangu nzima," alisema kwa sauti ya darasani. "Aliyeiponya ni Fortunata, binti wa Enoka Nzunda, Mnyiha wa hapahapa Mbozi. Liandike hilo jina. Ukishindwa siku nyingine, umpigie."

Fortunata alikuwa anakusanya bisibisi zake. Hakuinamisha uso.