Amina Katikati ya Wimbo

Hiram analima viazi Dundori, na kanisani ndiye mpiga kinanda. Huko nyimbo zote hufungwa kwa namna moja: sauti zinazojengwa juu ya fa zinashuka hadi za do, waumini wanaitikia "Amina", watu wanakaa. Vidole vyake vimezoea hivyo mpaka vinajiendea vyenyewe.

Basi akatamani kiti cha kinanda katika bendi ya jazi ya Khamisa, inayofanyia mazoezi mtaa wa Section 58. Alipewa wimbo mmoja wa zamani, abuni solo juu yake. Mwanzo ulimkaa vidoleni: re inaita so, so inaita do, mnazunguka tena. Katikati wimbo unahama, fa inageuka kuwa nyumbani badala ya do. Hiram akahama nao bila wasiwasi. Kurudi ndiko kulikomshinda. Alitoka fa akaangukia do moja kwa moja, kwa uzito wa kufunga ibada, na bendi nzima ikanyamaza. Akarudia, ikawa vilevile.

"Pasta, tumemaliza?" Khamisa aliuliza, saksafoni ikining'inia shingoni. "Tutoe sadaka?"

"Amina," akaitikia Njuguna, mpiga ngoma, vijiti juu.

"Nichekeni tu," Hiram alisema.

"Mimi sicheki, mzee," Khamisa alisema. "Jumatano ukitufungia ibada tena, kiti nampa Kui, naye anakisubiri."

Nyumbani Hiram aliuchambua wimbo huo akikama ng'ombe, akiimba do, re, mi badala ya maneno.

"Baba Tabby, huo wimbo hauna mlango?" mkewe Wangeci alimwuliza. "Kila saa unatoka tu, hauingii."

Hiram akaacha kukama. Mlango ulikuwepo, ila yeye alikuwa akiruka ua. Wimbo ukitoka fa hupitia re, husimama kwenye so kama mgeni anayebisha hodi, ndipo huingia do. Na mwenye solo, akifika hapo kwenye so, aishike ti, ile noti inayowasha sikio mpaka do ije kulikuna.

Jumatano akafika pale pabaya. Re. So. Akaishika ti mpaka Khamisa akakunja uso, kisha akapanda hadi do na kuendelea na safari.

Ngoma tu ndizo zilizonyamaza, zikitegemea ibada ifungwe.

"Amina!" alisema Njuguna peke yake, vijiti juu.

Hiram hakugeuka, aliendelea kupiga. Khamisa alicheka hadi akashindwa kupuliza.

"Hiram, Jumamosi tuna onyesho, uje na shati jeupe. Njuguna, wewe baki hapa umalize ibada yako."