Kibao Nilichokigeuza Kiti

Ile siku naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku nilipokigeuza kibao changu cha mazoezi kuwa kiti cha wateja. Nakuambia haya, Sabina mjukuu wangu, kwa sababu jana umerudi umenuna, ukasema hufundishi tena stepu, mazoezi yetu ya kupanda na kushuka kibao, pale ukumbini Mjimwema, eti vijana wa bodaboda wanakucheka. Sawa. Lakini kabla hujaacha, nisikilize mimi niliyeacha kabla yako.

Nilikuwa fundi cherehani hapa hapa Mfaranyaki, mama kijana, kiuno chembamba, mdomo mrefu. Cheka tu, ulidhani mdomo huu umeota uzeeni? Kulikuwa na muuguzi mmoja, Mama Agnela, amenizidi miaka kama kumi. Stepu alijifunza huko masomoni, akaja nayo Songea. Seremala akatuchongea vibao vya mbao nene, kimo cha tofali, kila mmoja na chake. Jioni tunakusanyika uani kwake, tumejifunga kanga juu ya kaptura kwa aibu, redio kaseti inaimba: mguu wa kulia panda, wa kushoto panda, shuka, shuka. Umeme ukikatika hatusimami. Mama Agnela anapindua ndoo, anapiga mdundo wa lizombe, ngoma yetu Wangoni, na sisi tunaendelea kupanda na kushuka. Jamani, raha ile! Nilikuwa nalala fofofo, mgongo hauniumi, kazi naifanya huku naimba.

Kilichoniponza ni maneno ya watu. Wanawake waliokuwa wanatoka shamba na majembe begani walisimama kututazama. "Hawa wanapanda ngazi isiyofika popote," wakasema. "Kama wamechoka kukaa, waje kupalilia mahindi." Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaanza kutafuta sababu, na kwa visingizio sijambo: miguu yangu si inakanyaga cherehani kutwa nzima? Stepu ya nini tena? Nikakishonea kibao mto wa vipande vya vitenge, nikakiweka mlangoni, wateja wakakikalia.

Mama Agnela alikuja kuchukua gauni lake. Alikitazama kibao, hakukaa.

"Mdogo wangu," akasema, "cherehani inachezesha nyayo tu. Magoti na mapaja yamelala. Hao wanaokucheka, siku ukishindwa kuinuka utawaona?"

"Dada, gauni lako lile pale," nikamjibu. Ndivyo nilivyomjibu, Mungu anisamehe.

Miaka ikaenda nimekaa. Halafu ikaja harusi ya mama yako mdogo, kitindamimba wangu, kule Madaba. Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Ngoma ya lizombe ikalia, mshereheshaji akaniita nikacheze na binti yangu. Nikashika mikono ya kiti, magoti yakagoma. Nikajaribu tena, yakagoma, na mwanangu yuko katikati na shela lake ananingoja. Ndipo akainuka Mama Agnela, mvi kichwa kizima, akaenda kucheza naye badala yangu. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi kwenye kiti huku nalia, wakadhani ni furaha. Haikuwa furaha, mwanangu. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Sasa wewe ukaja ukakiona kibao hiki, ukaubandua ule mto, ukaniambia, "Bibi, shika meza, tuanze." Miezi mitatu tu. Sikudanganyi kwamba nimerudi usichanani, goti la kushoto bado linalalamika. Lakini Jumapili nilipiga magoti kanisani, nikainuka mwenyewe bila kushika bega la mtu. Hukuniona, ulikuwa unaimba. Na katika wale mama saba wanaokuja ukumbini, yule muuza vitumbua alikuwa hapumui vizuri kwenye kilima. Siku hizi anakipanda huku anaongea. Ukiacha, wote hao wanarudi kwenye viti.

Basi ninachokuusia ni hiki: jambo linaloupa mwili wako uzima, usiliache kwa sababu ya kicheko cha mtu. Anza na kibao kifupi, kanyaga kwa wayo wote, shuka taratibu, na usiruke siku. Wenye magoti mabovu kama mimi wape meza ya kushika, usiwaharakishe. Kesho jioni nakuja mwenyewe, nasimama mstari wa mbele. Hao vijana wa bodaboda waanze kunicheka mimi, nawajua bibi zao wote. Spika ikiisha chaji, ndoo ninayo.

Mungu akubariki, mwanangu. Akutunzie magoti yako, ili siku binti yako atakaposimama na shela lake akikungoja ngomani, uinuke uende wewe mwenyewe.