Maji Niliyoyamwaga Mlimani

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu nyingi huletwa na uchafu. Mke wangu husema laiti ningezaliwa mwanamke, mume wangu angehama nyumba kwa kukimbia ufagio. Nalisema hili mapema ili msomaji anielewe, si ili anihurumie. Katika habari hii mimi si wa kuhurumiwa.

Miaka ya hamsini nilikuwa mpishi wa Mzungu mmoja pale Diani, yeye na mkewe. Kwetu ni Msambweni, na kila Alhamisi jioni nilikwenda nyumbani ili niiwahi sala ya Ijumaa na jamaa zangu. Bwana alikuwa na karavani, yaani nyumba ya bati yenye magurudumu mawili, ndani ina vitanda, kabati, meza ya kukunja na jiko la mafuta ya taa. Ilivutwa na Landirova. Watu wa Bongwe, kijiji jirani, walipoiona ikipita walitoka mashambani kuicheka.

"Mzungu ana nyumba ya mawe," walisema, "sasa hii ya kufunga nyuma kama mkokoteni ni ya nini?"

Nami nilicheka nao, lakini moyoni nilijiona mtu mkubwa. Funguo za kabati lile nilikuwa nazo mimi.

Mwaka mmoja, kiangazi kikiwa kikali, bwana akatangaza kwamba tunakwenda mlimani. Nilidhani anasema milima ya Shimba, hapo juu tu, kwenye ukungu na majani mabichi. Kumbe alikuwa na maana ya mlima ulio mbali, uipite Kinango, uivuke reli, uingie katika mbuga ya wanyama ambako hata miba imekauka. Memsahibu, mkewe, alitaka kuuchora. Sikuelewa mtu mwenye bahari mlangoni anafuata nini huko, lakini mpishi haulizwi.

Kinango tukamchukua mwongozaji. Alikuwa Mduruma, mtu wa makamo, mrefu, mpole wa maneno. Ng'ombe wake wote walikuwa wamekufa kwa ukame akabaki na mbuzi watatu. Aliijua nyika ile na alama zake, akitazama chini angeweza kukuambia ni mnyama gani aliyepita na alikuwa na haraka au hakuwa nayo. Bwana alimwahidi jambo moja: akituongoza vyema, atamwandikia barua ya kumpelekea mkubwa wa mbuga, ili aajiriwe kuwa askari wa wanyama. Bila barua ya mtu anayejulikana hukupokewa.

"Barua moja tu, ndugu yangu," aliniambia njiani, "na wanangu watakula hata mvua isiponyesha."

Aliniita ndugu, maana Mdigo kama mimi na Mduruma asili yao moja. Mimi sikumwita hivyo. Nilimwona mtu wa nyika, mnywa tembo la mnazi, asiyejua kutawadha. Nilimtengea kopo lake la kunywea, kopo tupu la maziwa, nikalitundika peke yake nje ya karavani lisije likagusana na vikombe vyangu. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante. Hadi leo nikilikumbuka kopo lile uso unaniwaka.

Abiria wa mwisho alikuwa mbwa wa memsahibu, mdogo, wa rangi ya kahawia, asiyekuwa na adabu hata kidogo. Mbwa hawakuruhusiwa mbugani. Tulipofika getini alifungiwa ndani ya karavani, tena karibu na kabati langu, akapewa mfupa ili asibweke, na bwana akamwambia askari kwa uso mkavu kwamba hana mnyama yeyote. Nilimcheka kimoyomoyo. Nikasema, kumbe na wao husema uongo.

Tulipiga kambi chini ya mlima, kwenye kivuli cha mwamba. Njia ilikuwa mbovu kiasi kwamba tangi la maji la karavani lilikuwa limelegea misumari na likaanza kuvuja. Basi bwana akaniamuru niyahamishe maji yote yaliyobaki. Nikayatia katika karai kubwa, sufuria mbili na madebe matatu. Yalitosha siku nne kama tungeyatumia kwa akili. Mwongozaji alisema maji mengine yako juu ya mlima, kwenye ufa wa jiwe, mwendo wa nusu siku kupanda na kushuka, nayo ni kidogo.

Asubuhi ya siku ya pili bwana na memsahibu walikwenda kuchora. Mwongozaji aliniomba maji ya kibuyu chake. Nikamjazia mimi mwenyewe, kwa kata, kutoka kwenye debe. Akaenda kutafuta kuni. Mimi nikawa ninachota maji ya karai na kujaliza sufuria na madebe, ili karai nilipate kwa kuoshea vyombo. Nilikuwa nimekwisha jaliza sufuria zote mbili na madebe mawili nilipoinua macho nikamwona yule mbwa. Kichwa chake kilikuwa ndani ya karai, anakunywa, na ndevu zake zilikuwa zimelowa kitambo. Hakuwa ameanza sasa hivi.

Sisi wa pwani tumefundishwa chuoni kwa maalimu tangu utoto: chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Na maji machache yakiingiwa na najisi yamekuwa najisi yote. Kwa kata ile ile nilikuwa nimeieneza najisi kambi nzima. Debe moja tu lilisalimika.

Mtu mwenye akili angekaa kitako akafikiri. Angeyaacha maji yale kwa redieta ya gari, kwa mbwa mwenyewe, na kwa Wazungu ambao hawana habari na mambo hayo. Angemwambia bwana waziwazi. Lakini siku moja huko nyuma memsahibu aliniona nikiosha sahani ya mbwa mara saba, akamwita bwana aje atazame, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sikutaka kuchekwa tena. Na mwili ulikuwa umenisisimka kwa karaha, hasira imenipanda, nikamfukuza mbwa kwa teke. Nikayabeba maji yale nyuma ya mwamba, chombo kimoja baada ya kingine, nikayamwaga. Kisha nikalichukua lile debe moja safi, nikaosha kila chombo mara saba, na udongo mara moja, kama nilivyofundishwa. Sikuruka hata mara moja. Nilipomaliza nilikuwa nimetulia kabisa, vyombo vinang'aa juani, na kambini hapakuwa na tone.

Ndipo nilipoogopa.

Bwana alirudi adhuhuri na kiu. Akafunua sufuria, akafunua madebe, akageuka mwekundu.

"Maji wapi? Nani maliza maji?"

"Nilikuwa ninasali, bwana," nikasema. "Nilipomaliza nikakuta vyombo vitupu."

Wakati ule ule mwongozaji akatokea na mzigo wa kuni kichwani. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia begani, kimejaa, kinatoa jasho. Bwana akakitazama kibuyu. Kisha akanitazama mimi.

"Na huyu?"

"Huyu alikuwapo," nikasema.

Maneno mawili tu. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo ulipinda bila taabu yoyote. Vyombo nilivisafisha mara saba, ulimi sikuusuuza hata mara moja.

Bwana akaanza kufoka kwamba huyu amejijazia kibuyu na mengine ameyamwaga. Mwongozaji alitua kuni polepole, akasema, "Sikuyagusa, bwana," na bwana hakumsikiliza. Basi mwongozaji akazunguka nyuma ya mwamba. Nilijua anachokwenda kukiona. Akachuchumaa, akagusa udongo uliolowa, akatazama alama za makubadhi yangu zilizokwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Akarudi. Akaitazama miguu yangu, kisha uso wangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja niseme. Nikainama nikaanza kupanga kuni zilizokuwa zimekwisha pangika.

Hakuna aliyemtuma, alichukua debe akapanda mlima. Alirudi jua likiwa limeinama, debe begani, shati limelowa nusu kwa maji na nusu kwa jasho. Alilitua mbele yangu. Nikapika chai kwa maji yale, na mimi nikanywa.

Kesho yake tukafunga safari kurudi. Kinango, mbele ya duka, watu wakiwa wamejaa wanangoja zamu ya maji, bwana akamshusha na kumkaripia kwa sauti. Akasema huyu amemwaga maji ya wenzake jangwani, barua hapati. Watu wote walisikia. Mwongozaji akachukua kibuyu chake akatembea. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nimeshika funguo za kabati.

Niliporudi Msambweni sikuweza kukaa na jambo lile. Nikamwendea maalimu aliyenisomesha, nikamweleza habari ya mbwa na karai, na ya mwongozaji kwa kupita tu, nikitarajia kidogo kwamba atanisifu kwa kushika sheria hata jangwani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mahali pasipo na maji unatayamamu kwa udongo, hilo unalijua," akasema. "Kiu ni dharura. Mwenyezi Mungu hakukutaka uwaue watu kwa usafi. Lakini hayo ni ya maji, nayo ni mepesi. Yule mtu je?"

Nikaanza kumrudia habari ya karai, akaniinulia mkono.

"Istighfari yako haitafika popote," akasema, "mpaka umrudishie haki yake."

Ungedhani nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Diani nikasema. Sikusema. Nilijiambia kesho, na kesho ikawa Ijumaa, na Ijumaa ikawa Ramadhani. Niliogopa kufukuzwa. Nilikuwa na watoto watatu, na nilijikumbusha watoto hao kila siku, kana kwamba yule mwenzangu hakuwa na wake. Nilifunga mwezi mzima. Mvua za masika zikaja zikaisha. Ndipo asubuhi moja, nikimwekea bwana mayai mezani, nikasema yote kwa pumzi moja, nimesimama, sahani mkononi.

Bwana alinitazama kwa mshangao. Kisha akacheka. Alimwita memsahibu akamsimulia, naye akacheka, akampapasa mbwa kichwani. Hakunifukuza wala hakunikemea. Alichukua karatasi akaandika barua papo hapo, na alipomaliza, mayai yalikuwa bado yana moto. Akanieleza kila neno lililomo: kwamba mtu huyu amefanya naye kazi mbugani, anazijua njia na wanyama, na ni mwaminifu. Basi. Kwa jambo jepesi namna ile nilikuwa nimemnyima mtu chakula kwa miezi.

Niliipeleka mwenyewe, kwa miguu kutoka Kinango. Nilimkuta nyumbani kwake, amekaa na majirani wapatao saba, wanatengeneza boma la mbuzi. Nikamwamkia "shikamoo", neno ambalo njia nzima ile sikuwahi kumpa. Akaitikia "marahaba" kwa upole uleule. Mkewe akaniletea maji katika kibuyu, nikayanywa yote, maana nilikuwa na kiu kweli.

Nikampa barua. Akaigeuza, akaifungua, akaitazama.

"Askari waliajiriwa baada ya mvua," akasema. "Nafasi zimejaa. Lakini nisomee."

Majirani wakaacha kazi wakasogea. Nikasoma, nikiyageuza maneno ya Kizungu kuwa Kiswahili, kwamba mtu huyu anazijua njia na wanyama, na ni mwaminifu. Walisikiliza kwa makini. Mmoja wao, mzee mwenye fimbo, akauliza kama barua imesema habari za maji yaliyomwagwa, kwa sababu hapa kwao, tangu siku ile ya dukani, mtu huyu akienda kisimani hufuatwa kwa macho, na wanawe huitwa kwa jina la maji hayo.

Mwongozaji akanitazama kama alivyonitazama kule mlimani.

"Mimi sijui kusoma, na hawa hawajui," akasema kwa sauti ya chini. "Imesema ni nani aliyeyamwaga?"

"Haikusema," nikajibu.

"Basi soma tena, ndugu yangu. Ukifika mahali pake, liweke jina la aliyeyamwaga."

Wote walikuwa wakiningoja. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, na hakuna aliyeweza kujua kilichoandikwa na kisichoandikwa. Nikakohoa nikasafisha koo. Nikaisoma tena, neno kwa neno, kama ilivyoandikwa.