Siku Mbili za Ntalikwa

Asubuhi ya kuondoka, mama alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni. Homa ilikuwa imemshika juma zima. Nilimwambia nitabaki nyumbani. Akasema amezipiga pasi nguo zangu za kambi akiwa na homa hiyohiyo, kwa hiyo nisimharibie kazi yake. Nikacheka, nikaenda.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa vijana kumi na sita wa kikundi cha skauti cha misheni. Mwalimu wetu alituongoza kwa miguu kutoka Ipuli hadi Ntalikwa, mwendo wa asubuhi moja, tukifuata kipande cha njia ya zamani ya misafara. Alituambia babu yake aliipita akiwa amebeba pembe za ndovu mpaka pwani. Sasa miti ya kando yake ilikuwa imekatwa kwa kuni za garimoshi. Bwana miti, yaani afisa wa misitu, alikwisha kutuletea miche, na sisi tulitakiwa kuipanda kabla mvua hazijakolea. Siku ya nne Bwana DC, mkuu wa wilaya, angekuja kutazama, na mimi ndiye niliyechaguliwa kumsomea risala kwa Kiingereza.

Sijapata kufurahi vile tena. Tulichimba mashimo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tulifuata nyayo za swala, tukashindana kuwasha moto kwa kuni mbichi, tukaoga mtoni tukirushiana matope. Siku ya tatu, wakati wa chakula, rafiki yangu niliyekuwa nikikaa naye dawati moja shuleni alinipa kipande chake cha nyama. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema ameshiba.

Siku ya nne nilisoma risala bila kukwama. Bwana DC alinipa mkono, akapanda mche mmoja, akaondoka na gari lake. Nasi tukafunga mizigo.

Tulipokaribia nyumba za kwanza za Ipuli, mwalimu aliwaambia wenzangu watangulie. Aliniwekea mkono begani. Akaniambia mama alifariki alfajiri ya siku ya pili ya kambi. Binamu yangu alileta habari kwa baiskeli mchana uleule, sisi wengine tukiwa porini. Mama alizikwa kesho yake.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

“Nilitaka uwe na mama siku mbili zaidi,” alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, “Na risala haikuwa na mtu mwingine wa kuisoma.”

Nimeyafikiria maneno hayo miaka yote. Naamini yote mawili yalikuwa kweli.

Baba alikuwa amekaa nje na wanaume wa ukoo. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama kitambaa changu cha shingoni na magoti yangu yenye udongo.

“Ulipata habari ukabaki kucheza?” aliuliza.

Mwalimu, aliyekuwa amenisindikiza, ndiye aliyesema kwamba habari aliificha yeye. Baba hakumgombeza. Aliagiza aletewe kiti, na baada ya hapo hakumsemesha tena hadi alipoaga. Shangazi akanipeleka kaburini. Mvua ilikuwa imeshindilia udongo, kama kaburi la zamani. Nilijaribu kulia. Machozi hayakuja, kwa sababu nyimbo za kambi zilikuwa bado zinavuma kichwani mwangu, nami sikujua namna ya kuzinyamazisha.

Siku chache baadaye rafiki yangu alikuja. Aliketi mkekani karibu yangu.

“Mimi ndiye niliyempokea binamu yako,” alisema. “Nilikuwa nasugua sufuria. Mwalimu aliniapisha.”

Nikakumbuka ile nyama. Nilisogea hadi ukingo wa pili wa mkeka, nikamgeuzia mgongo. Alikaa mpaka chai ikaletwa, hakunywa, akaondoka.

Baba hakuniruhusu kurudi kwenye kikundi, na sikuomba. Shuleni nilihamia dawati la nyuma. Mwaka uliofuata baba wa rafiki yangu alipata kazi ya reli Kigoma, nao wakahama. Alimtuma dada yake aniambie siku ya kuondoka. Mchana wa siku hiyo nilikuwa shambani napalilia karanga. Nilisikia garimoshi likipiga honi, nikaendelea kupalilia. Wakati wa kambi alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, mdogo kuliko mimi, na hilo sikulifikiria mpaka nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe.