Posa Iliyomenywa kwa Kisu

Unaisi alikuwa mshonaji wa sare za shule pale mjini Nausori, katika duka la Mama Shanti, na tangu aanze kukanyaga cherehani ile hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia neno tamu akabaki kulimalizia. Sura alikuwa nayo. Tatizo ulimi. Ulimi wa Unaisi ulikata kuliko mkasi wake, na wanaume, hata hawa wetu wanaovunjana mbavu kwenye raga kila Jumamosi, hakuna wanachokiogopa kama kuchekwa mbele za watu.

Mmoja tu hakuogopa, kwa kuwa kwake kuchekwa kulikuwa haki ya kuzaliwa. Huyo ni Inoke, dereva wa gari la mikate, mtu wa kisiwa kimoja cha kusini. Watu wa kisiwa kile na watu wa Vunidilo, kijiji cha kina Unaisi kando ya mto Rewa, ni watani. Watani wa mababu, wale ambao mmoja anaingia kwako, anafunua sufuria, anakula, na wewe mwenye nyumba ndiye unayeomba radhi kwamba chumvi haikukolea.

Siku ya kwanza alikuwa anashusha mikate duka la jirani. Akamsikia Mama Shanti akitaja Vunidilo. Akaingia, akaketi, akafungua chakula cha Unaisi, magimbi na samaki wa tui, akala mpaka akalamba kidole.

"Wewe nani?" Unaisi aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Mtani wako. Kumbe wala kome mnajua kupika! Nilidhani mnameza na magamba yake."

"Mla popo wee! Hebu geuka nikuone, au unalala kichwa chini?"

Alipoinuka kuondoka hakuvikuta viatu vyake mlangoni. Siku ile Nausori nzima iligawiwa mikate na mtu asiye na viatu, na Unaisi alishona sare mpaka jioni huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Urafiki wao ulianzia hapo, na uliendelea hivyo hivyo, kwa wizi na matusi. Mama yake Unaisi alipolazwa mji mkuu, Suva, Inoke alikuwa akimaliza kugawa mikate anampitia Unaisi dukani, anampeleka hospitali, kisha anakaa kando ya kitanda na kumtukana mgonjwa.

"Mama, umekonda hivi, hata kome hawatakutambua."

"Toka hapa, popo wewe," mama alisema, akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi. Inoke alipotoka kutafuta maji, mama alimshika binti yake mkono. "Hana adabu huyu. Lakini anakuja." Mama hakurudi nyumbani. Siku ya mazishi Inoke alichimba kaburi pamoja na vijana wa kijiji, na hakumtania mtu yeyote hata neno moja. Jambo hilo Unaisi aliliona, akaliweka moyoni bila kulipa jina.

Krismasi iliyofuata ndipo yalipotokea ya muhogo.

Wazee wa kisiwani, Inoke akiwa mmoja wa waliowasindikiza, walifika Vunidilo na mikeka na nyuso za kanisani. Wakaketi kwa baba yake Unaisi, Mzee Penaia, msemaji wa ukoo, mtu ambaye hata akiomba chumvi hutoa hotuba. Wakasema wamekuja kuposa. Wakatoa tabua, jino la nyangumi lililong'arishwa, na kamba yake. Na tabua si zawadi ya kuweka kabatini. Ikishapokelewa, neno limefungwa. Mzee Penaia akaipokea kwa mikono miwili, akahutubia mababu, mto, na marehemu mkewe, na alipofika kwenye chozi ndipo akahisi jino ni jepesi. Akalinusa. Muhogo. Muhogo uliochongwa ukapakwa manjano, na aliyeuchonga ni Inoke, naye wakati huo alikuwa anagaagaa uwanjani kwa kicheko. Mbwa akaja akaumaliza.

Kijiji kizima kilicheka. Unaisi naye alicheka, kwa sauti kuliko wote, kisha akaenda bombani kuosha masufuria na kukuta machozi yanamdondokea kwenye masizi. Alishtuka kweli kweli, kama mtu aliyejikuta anavuja damu na hajui amejikata wapi. Kwa muda ule mfupi, kabla baba hajanusa, alikuwa ameamini. Na alikuwa amefurahi. Sasa unamwambia nani kwamba kichekesho cha mwaka kimekuchoma? Alinyamaza, akaendelea kumwita Inoke popo.

Mzee Penaia yeye hakunyamaza, maana hakunyamaziwa. Watoto wa shule ya Jumapili walimwita Babu Muhogo. Mwaka mzima alikuwa akisubiri zamu yake.

Basi Jumatano moja Inoke alisimamisha gari mbele ya cherehani. "Jumamosi wazee wangu wanakuja kwenu."

"Na muhogo?"

Hakucheka. "Waambie tu."

"Nitawaambia wateleke maji kabisa."

Kwa kawaida Inoke hakukubali kuondoka bila neno la mwisho. Siku hiyo alipanda gari akaondoka bila kulisema. Unaisi alibaki na kitambaa mkononi, moyo ukitaka kuruka na yeye akiukalia. Ushaumia mara moja, jinga wee, alijiambia. Alipofika nyumbani akautoa ujumbe kwa mtindo wa siku zote: "Popo wanakuja tena Jumamosi."

Mzee Penaia alisugua viganja. "Muhogo ukiletwa mara ya pili humenywa. Losalini, noa kisu."

Shangazi Losalini, dada yake mzee, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kwa kisu na kwa umbeya, yule mama hana mpinzani mto mzima.

Jumamosi walifika wanne. Aliyetangulia alikuwa Mzee Taniela, ndugu mkubwa wa baba yake Inoke, sulu yake, kikoi cha heshima, imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Safari hii Inoke hakuingia. Alibaki ndani ya gari la mikate, barabarani. Unaisi alikuwa chumbani nyuma ya pazia, akichungulia kwa jicho moja, na jicho lile likaona kitu ambacho hakukitarajia: Mzee Taniela alikuwa anatetemeka mikono.

Mtu anayetania hatetemeki. Lakini kabla hajapata la kufanya, mshenga, mmoja wa wale wanne, alikuwa ameshaanza kusema, maneno machache, ya chini, ya kumwomba binti wa nyumba hii kwa kijana wao. Akatoa tabua. Sebuleni watu wa Vunidilo walikuwa wameuma midomo mpaka mashavu yamevimba. Mjomba mmoja alikuwa anaangalia paa.

"Tumeupokea," Mzee Penaia akasema kwa sauti ya kanisani, "tumeupokea muhogo wenu!"

Nyumba ikalipuka. Na katikati ya kelele hizo Shangazi Losalini akatoka jikoni akitembea kwa magoti, sufuria ya maji mkono huu, kisu mkono ule, akatua sufuria, akainyakua tabua mkononi mwa kaka yake, akaiegemeza pajani, akaipiga kisu kuimenya.

Mlio ule Unaisi aliusikia kwenye meno yake mwenyewe. Kisu kilikwaruza, kikateleza, ncha ikakatika ikaruka hadi kwenye bakuli la kava, kinywaji cha mizizi. Shangazi akatazama. Juu ya jino lile la kale, la rangi ya asali, palikuwa na mstari mweupe mrefu kama kovu.

Hakuna aliyecheka. Shangazi Losalini alifungua mdomo, na kwa jinsi anavyojulikana, watu walisubiri neno, halikutoka. Goti lake likaipindua sufuria, maji yakaingia chini ya mkeka na kulowesha sulu za wageni, na hata wao hawakusogea.

Nyuma ya pazia Unaisi alikuwa ameshika ukuta. Alipigwa na mawili kwa mpigo mmoja, hakujua aanze kulilia lipi. Jino ni la kweli. Basi Inoke alimaanisha. Inoke alimaanisha, na shangazi ameimenya posa yake.

Mzee Taniela aliichukua tabua pajani mwa Losalini, akaifuta kwa pindo la shati lake. Alipozungumza hakupandisha sauti, na hilo lilitisha zaidi.

"Mzee Penaia. Mtani hakasirikiwi. Ukisema leo mlikuwa mnatania, ni utani, nasi tutacheka. Tutakunywa kava, tutabeba jino letu, na hatukuja kuposa. Wala hatutarudi, maana mtu hachekwi posa mara mbili. Ila ukisema mmejua kwamba hii ni posa, basi mmeipiga kisu cha jikoni mbele yangu, na hapo pana kosa. Mwenye nyumba ni wewe. Chagua."

Njia ya kwanza ilikuwa nyepesi mno. Mtu acheke tu, yaishe. Njia ya pili ilikuwa aibu, tena mbele ya watu ambao mwaka mzima walikuwa wakimwita Muhogo. Unaisi alimjua baba yake. Aliona pembe ya mdomo wake inaanza kupanda, kicheko cha kujiokoa kinajipanga.

"Ah, mtani wangu..." mzee alianza.

Pazia likafunguka. Unaisi alitoka, akapiga magoti penye mkeka uliolowa, mahali ambapo binti anayeposwa hana kazi.

"Rudi ndani, wee mtoto!" Shangazi Losalini akapata sauti yake.

"Baba, mimi sicheki."

Mzee aligeuka, mdomo ukiwa bado umekaa nusu ya tabasamu.

"Krismasi nilicheka na nyinyi," Unaisi akasema. "Niliumia, Baba. Nilidhani ni kweli. Leo ni kweli, na ukicheka wataondoka."

"Huyo popo?" baba aliuliza, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imehama.

"Huyo huyo."

"Na matusi yote yale unayomtukana?"

"Sasa ulitaka nimwambie nini, Baba? Mtani nitaanzaje kumwambia kingine?"

Mmoja wa wageni alikohoa ndani ya ngumi. Mzee Penaia akainuka, akaingia chumbani, wakasikia kifuniko cha sanduku. Aliporudi alikuwa ameshika tabua moja, ile iliyoletwa na ndugu wa mkewe siku ya maziko. Hakuna kitu cha thamani zaidi ya hicho katika nyumba ile, na watu wote wa Vunidilo waliokuwepo walijua. Hakurudi kwenye nafasi yake. Alikwenda mlangoni, mahali pa chini wanapokaa wadogo, akaketi hapo, akainamisha kichwa mpaka kisogo kikaonekana.

"Tulijiona wajanja," alisema. "Mmeleta posa, tumeikata. Tumekosa. Sitanii." Msemaji wa ukoo, mtu wa mababu na mito, akaishia hapo. Shangazi Losalini alianza kulia kimya kimya huku ameshika kisu kisicho na ncha.

Unaisi alihesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe, yakamchanganya, akaacha. Hatimaye Mzee Taniela aliinuka, akaenda mlangoni, akaipokea tabua ya maziko kwa mikono miwili, akapiga viganja vilivyokunjwa, kwa heshima, pwaa, pwaa, na wenzake wakaitikia.

"Kosa limefukiwa. Sasa nijibu langu."

Mzee Penaia akanyoosha mikono kuipokea ile yenye kovu. Ilikuwa zamu yake kutetemeka. "Imepokelewa," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekumbuka deni: "Kwa hiyo akiwa mkwe wangu, sitamtukana tena?"

"Mkwe hatukanwi, mzee."

"Lo! Hasara gani hii." Nyumba ikacheka, ila kwa woga, kama watu wanaopapasa njia gizani.

Unaisi alitoka pekupeku mpaka barabarani. Inoke alikuwa amekaa nyuma ya usukani, vioo vimefungwa juani, jasho linamtiririka kama yeye ndiye mkate ulio tanuruni. Akateremsha kioo.

"Wamekataa?"

"Shangazi ameimenya."

"Ame... nini?"

"Kwa kisu. Kovu refu hivi. Alidhani ni muhogo. Nani aliwafundisha?"

Rangi ilimtoka usoni. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani. "Ule muhogo," alisema. "Nilijua siku moja utaniua."

Mtani mwingine angemwacha aive kidogo. Unaisi mwenyewe, wiki moja nyuma, angemwacha aungue kabisa. Alifungua mlango wa upande wa pili, akasogeza kreti la mikate, akaketi.

"Baba ameomba radhi. Amepokea."

Inoke aliinua kichwa taratibu, akamkagua uso kama anayetafuta mshono wa uongo. "Unaisi," alisema, na Unaisi akashtuka kuliko alivyoshtuka siku nzima; jina lake lilikuwa halijawahi kutoka kwenye mdomo ule. "Unaisi, usinitanie. Leo usinitanie."

Alitafuta la kumjibu. Maneno yote aliyokuwa nayo kwa ajili ya mtu huyu yalikuwa matusi, na hakuna hata moja lililoenea. Akamshika mkono, mkono wa unga na hamira.

"Sikutanii."

Walikaa hivyo, hakuna aliyejua kinachofuata, mpaka Shangazi Losalini akapaza sauti kutoka mlangoni kwamba magimbi yanapoa, na wote wawili wakaruka kama watu waliofumaniwa.